Jeraha la Kucha na Jeraha la Kisu

Msafiri atokaye Manyoni kwenda Singida, akipita Issuna katika miezi ya mavuno, huona pande zote mbili za njia mashamba ya mtama, uwele na alizeti, na baina yake majabali makubwa na vichaka vya miiba vinavyoweza kumficha ng'ombe aliyesimama hatua chache tu kando ya barabara. Wala hahitaji kuambiwa kwamba katika nchi ya namna hii, zamani za watu wachache na wanyama wengi, aliyetoka nyumbani peke yake jioni alikuwa ameiweka roho yake rehani. Issuna leo ni kata ya Wilaya ya Ikungi, lakini katika zama za utawala wa Waingereza ilihesabiwa katika wilaya kubwa ya Singida, Jimbo la Kati la Tanganyika, nchi ya Wanyaturu. Na wilaya hiyo ndiyo iliyowatwika wapelelezi wa serikali fumbo la jinai ambalo hata sasa sijaona la kulishinda kwa ugumu katika Afrika Mashariki yote.

Fumbo lenyewe lilikuwa hivi. Kuanzia mwaka 1946 watu walikutwa wamekufa mashambani na vichakani, miili yao imeraruliwa, na kila aliyeitazama maiti mara ya kwanza alisema neno moja: simba. Lilikuwa jambo la kusikitisha, lakini halikuwa la ajabu, maana simba walikuwapo kweli na watu walikuwa wakiliwa kweli. Lakini vifo vilipozidi, na minong'ono ya wenyeji ilipowafikia wakuu wa boma, ilidhihirika kwamba baadhi ya simba hao walikuwa wakienda kwa miguu miwili. Palikuwa na watu waliovishwa ngozi za simba na kutumwa kuua, kisha majeraha yakafanyizwa yafanane na ya makucha, ili lawama imwangukie mnyama. Habari zilizochapishwa wakati ule zilitaja waliouawa kuwa zaidi ya 40, na mwanzoni mwa mwaka 1948 watu saba, wanaume wanne na wanawake watatu, walinyongwa kwa kushiriki mauaji hayo. Wala halikuwa jambo la mara ya kwanza, kwa kuwa mkasa wa aina hiyo hiyo ulikwisha kutokea katika wilaya hiyo miaka ya 1920. A. W. Wyatt, aliyekuwa mtumishi wa serikali katika wilaya hiyo, aliandika habari zake katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1950, na mwanachuoni wa Kimarekani Harold Schneider, aliyekaa na Wanyaturu kwa utafiti wake, alilirudia suala hilo katika jarida hilo hilo mwaka 1962 ili kulipima upya.

Mambo ya uchawi na hofu yaliyouzunguka mkasa huu yamesimuliwa mara nyingi, na aghalabu kwa chumvi nyingi, na mimi sina hamu ya kuyaongezea. Linalonivuta ni suala kavu la elimu: mpelelezi aliyesimama juu ya maiti katika shamba la mtama, jua likiwaka na nzi wamekusanyika, angejuaje kwamba muuaji alikuwa mnyama au mwanadamu?

Uzito wa swali hilo utauona ukitazama upande wa kusini wa nchi hiyo hiyo, miaka hiyo hiyo. Huko Njombe, toka mwaka 1932 hadi 1947, watu wengi mno walikufa, wengine wakikadiria kuwa walifika 1,500, na wenyeji wengi walishika kwamba wauaji si simba wa kawaida bali ni wanyama waliotumwa na mganga. Hata baadhi yao waliogopa kulitaja jina la simba. George Rushby, bwana nyama aliyepelekwa huko, alishika bunduki na kuwafuata, na yeye na askari wake wakawaua simba 15, na mauaji yakakoma. Basi huku wanyama walidhaniwa kuwa kazi ya watu, na kule kazi ya watu ilidhaniwa kuwa ya wanyama. Hakimu aliyetoka Njombe na kuhamia Singida, kama angeichukua hekima ya kwanza na kuitumia mahali pa pili, angewaachilia wauaji. Na aliyetoka Singida kwenda Njombe angewanyonga watu wasio na hatia kwa damu iliyomwagwa na simba.

Mtu wa kwanza kuitwa katika kazi hii, na kwa maoni yangu ndiye aliyekuwa bora kuliko wote, ni msasi, yaani yule mwindaji wa kijijini asiyejua kusoma herufi lakini anayeisoma ardhi. Unyayo wa simba haufichi mambo kwake. Vidole vinne, na nyuma yake nyama pana ya kitako cha unyayo ambayo ukingo wake wa nyuma umegawanyika mafundo matatu. Na alama za kucha hazionekani, kwa sababu simba atembeapo huzirudisha kucha zake ndani ya ala zake, ilhali fisi na mbwa huzichapa mchangani kwa kila hatua. Aliyechonga mguu wa simba kwa mti ili apige chapa ardhini, akaupamba kwa kucha kali ili uogopeshe, amejifichua kwa bidii yake mwenyewe. Kadhalika mwendo: mnyama wa miguu minne hupachika mguu wa nyuma karibu na ulipokanyaga wa mbele, na uzito wake hulala mchangani kwa mpango ambao mtu wa miguu miwili, hata akiinama na kutambaa, hawezi kuuiga kwa hatua mia mfululizo. Tena simba akiua huburuta. Humtia mtu mdomoni, akamvuta hadi kivulini au kichakani, na nyuma yake hubaki mfereji wa majani yaliyolala upande mmoja, na matone, na vipande vya nguo vilivyonaswa na miiba. Elimu hii ni kongwe. Waarabu wa jangwani waliiita kiyafa, na mtambuzi wa nyayo aliheshimiwa kwao kama shahidi. Na huko Bara Hindi watu waitwao khoji waliajiriwa kuwafuata wezi wa ng'ombe toka kijiji hadi kijiji. Dosari yake ni moja tu, nayo ni kubwa: mvua moja huifuta, na umati wa waombolezaji huifuta upesi kuliko mvua.

Baada ya msasi, tabibu. Simba amwuaye mtu humkamata mara nyingi kichwani, shingoni au begani, na chonge zake, ambazo ni nne, huacha matundu ya jozi, mawili juu na mawili chini, ambayo mpimaji aliye na rula anaweza kuyalinganisha na fuvu la simba aliyekufa. Kucha huchana mistari iliyo sambamba, na kingo zake huwa zimechakaa, zimepondeka, zina uchafu wa nyama iliyooza aliyoila jana. Ama kisu, hata kiwe cha chuma kibovu, hukata. Kingo za jeraha lake ni laini, ncha zake mbili huchongoka, na chini yake mfupa, kama umeguswa, hubeba mkwaruzo mwembamba ulionyooka. Mtu aliyefunga visu vitatu au vinne pamoja ili aige kiganja cha simba hupata mistari sambamba, naam, lakini kila mstari ni wa kisu. Jambo la tatu ni ulaji: simba mwenye njaa ameua ili ale, na huanza na sehemu laini; basi maiti iliyoraruliwa kwa kutisha lakini haikuliwa, wala hakuna kelele wala bunduki iliyomfukuza mnyama, inauliza swali ambalo mpelelezi hana budi kulijibu.

Damu ina habari yake. Mwaka 1247 kadhi wa Kichina, Song Ci, alikamilisha kitabu cha uchunguzi wa maiti, na ndani yake mna kisa cha mtu aliyeuawa kwa mundu. Mchunguzi aliwaamuru wanakijiji wote wailete miundu yao na kuiweka chini mbele yake. Ilikuwa siku ya joto, na nzi wakaja wakatua juu ya mundu mmoja tu, kwa kuwa mwenyewe aliuosha hadi macho yake yakaridhika, lakini nzi hufuata harufu. Akakiri. Nakipenda kisa hiki, ila najiuliza ingekuwaje kama asubuhi ile mtu yule alikuwa amechinja mbuzi. Nzi hawajui tofauti ya damu na damu.

Tofauti hiyo ilisubiri hadi mwaka 1901, wakati Paul Uhlenhuth, tabibu kijana wa Greifswald huko Ujerumani, alipotangaza kipimo chake. Alimpiga sungura sindano yenye damu ya binadamu. Mwili wa sungura, ukiiona kuwa ni adui, ukatengeneza silaha za kuipinga. Kisha akaichukua damu ya sungura huyo, akaiacha igande, akabaki na maji yake angavu. Maji hayo yakikutana ndani ya kichupa na damu ya binadamu, hata ikiwa imekauka kwa miezi, hutokea wingu jeupe. Yakikutana na ya ng'ombe au kondoo, hubaki safi. Mwaka huo huo katika kisiwa cha Rügen wavulana wawili ndugu waliuawa na kukatwakatwa, na mtuhumiwa, seremala aitwaye Ludwig Tessnow, alidai kwamba madoa ya nguo zake ni rangi ya mbao na damu ya ng'ombe. Uhlenhuth aliyapima: baadhi yalikuwa damu ya binadamu, na baadhi ya kondoo, na ilikuwa wiki chache tu kabla yake kondoo wa mkulima mmoja wamekutwa wamechanwa vipande malishoni. Kwa nchi ya wafugaji kama Unyaturu, ambako karibu kila mtu mzima amewahi kurudi nyumbani na damu ya mnyama mkononi, sioni ugunduzi wa kutukuzwa zaidi ya huu. Alama za vidole, ambazo Azizul Haque na Hem Chandra Bose walizipangia hesabu huko Kalkuta chini ya Edward Henry, na ofisi ya kwanza ikafunguliwa mwaka 1897, ni elimu tukufu. Lakini huhitaji kioo, karatasi au chuma laini, na shamba la uwele halina hata kimoja.

Ushahidi wa vitu ulipopungua, ilibaki kauli ya mtu, na hapa ndipo ninapoingiwa na wasiwasi. Tanganyika ilihukumu kwa Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka 1872, ambayo haikupokea ungamo lililotolewa kwa polisi. Mtuhumiwa aliye kizuizini ilibidi aungame mbele ya hakimu ndipo maneno yake yawe na uzito. Lakini mlango mdogo uliachwa wazi: kama maneno yake yamewaongoza askari hadi kwenye kitu kilichofichwa, sehemu ile ya maneno ilikubaliwa. Waliotunga sheria hiyo walijua walifanyalo. Kipigo kinaweza kumtoa mtu neno lolote, lakini hakiwezi kukiweka kisu chini ya jiwe ambapo hakikuwapo, isipokuwa, bila shaka, askari mwenyewe ndiye aliyekiweka. Katika miaka hiyo hiyo, kusini mwa Nigeria, nchi ya Waannang, serikali ilichunguza vifo karibu 200 vilivyodaiwa kuwa vya watu waliojifanya chui, ikawanyonga watu zaidi ya 70. Na mwanahistoria David Pratten, aliyeyafukua majalada ya kesi hizo na kutoa kitabu mwaka 2007, ameonyesha jinsi mpaka kati ya chui na mtu ulivyowatatiza waliohukumu.

Elimu ya leo ingefanya nini? Mwaka 2009 wachunguzi walipima mifupa na nywele za simba wawili wa Tsavo, waliowaua wajenzi wa reli mwaka 1898, na kwa uwiano wa kaboni na nitrojeni wakakadiria kwamba walikula watu wapatao 35, si 135 kama ilivyosimuliwa. Na mwaka 2024 vinasaba vya nywele zilizokwama katika meno yao yaliyovunjika vilimtaja binadamu, pamoja na twiga, pundamilia na nyumbu. Ama mtafiti wa simba Craig Packer na wenzake, kwa kuchambua mashambulio ya Tanzania ambamo watu zaidi ya 563 waliuawa na simba toka 1990 hadi miaka ya mwanzo ya 2000, waliona kwamba mengi yalitokea msimu wa mavuno, watu walipolala mashambani kuyalinda mazao dhidi ya nguruwe mwitu; na baadaye wakaona kwamba hatari hupanda siku zinazofuata mwezi mpevu, mwezi unapochelewa kuchomoza na saa za kwanza za usiku zikawa giza tupu.

Mwezi wa mwaka 1946 unahesabika leo kama wa usiku huu, kwa hiyo kila kifo cha Singida chenye tarehe kinaweza kuwekwa mahali pake katika mwandamo. Mwuaji wa miguu miwili naye hupenda giza, hivyo mwezi peke yake hautoshi; lakini tarehe ikiunganishwa na saa, na msimu, na umri wa marehemu, na kama alikuwa dunguni au njiani, na kama mwili uliliwa, vifo vya simba vitajikusanya upande mmoja, na vile visivyoweza kuwa vya simba vitabaki peke yake. Hiyo ni kazi ya mwanafunzi mmoja mvumilivu, mwenye majalada ya boma upande wa kulia na kalenda ya mwezi upande wa kushoto.