Kuhamisha Data au Kuzinakili?

Katika maelekezo ya kanzidata, kazi yoyote ya kuingiza data za zamani katika toleo jipya huelekea kutafsiriwa kwa neno moja, "kuhamisha". Neno hilo lina hatari yake. Ahamaye hubeba vyombo vyake, akaiacha nyumba tupu. Basi karani asomaye kwamba data "zimehamishwa" aweza kuifuta kanzidata ya zamani kabla mpya haijakaguliwa.

Tuchukue mfano wa PostgreSQL. Toleo la 17, lililotolewa mwaka 2024, haliwezi kufungua moja kwa moja mafaili ya toleo la 16. Kwa hiyo programu iitwayo pg_dumpall huziandika data zote katika faili kwa namna ya amri, na toleo jipya huzitekeleza amri hizo. Data za zamani hubaki pale pale zilipokuwa. Hapa twapendekeza "kunakili", ingawa neno lenyewe laonekana dogo kwa kazi kubwa kama hii.

Programu ya pg_upgrade ina njia nyingine, ambayo matoleo yote mawili hutumia mafaili yale yale. Toleo jipya likisha kuwashwa, kanzidata ya zamani haifai kutumiwa tena. Huko ndiko kuhama hasa, na "kuhamisha" twaliwekea kazi hiyo.