Barakoa ya Zari na Mipaka ya Hadhi Katika Zanzibar ya Karne ya 19

Katika maelezo mengi ya mavazi ya Pwani, barakoa hutajwa kwa ufupi kama vazi la stara, kisha mjadala huhamia kwenye kanga na buibui. Ufafanuzi huo haujitoshelezi. Barakoa, yaani kifuniko cha uso kilichovaliwa na wanawake wa Kiomani wa tabaka la juu, ilishonwa kwa atlasi nyeusi na kupambwa kwa nyuzi za dhahabu na fedha. Stara haihitaji zari. Kitambaa kitupu kingetosha.

Kazi ya mapambo hayo hudhihirika anapotazamwa mwanamke ambaye hakuivaa. Wajakazi hawakuruhusiwa kujifunika kama mabibi zao. Hivyo, aliyefunikwa uso alitambulika papo hapo kuwa muungwana: sura ilifichwa, nasaba ikatangazwa. Sayyida Salme (1844–1924), binti wa Sultani Seyyid Said, aliieleza barakoa katika kumbukumbu alizozichapisha kwa Kijerumani mwaka 1886 kwa jina la Emily Ruete. Ushahidi wake ni wa thamani kwa kuwa ni wa mvaaji, lakini ni wa binti wa kasri. Mjakazi aliyeitazama barakoa kwa nje hakupata nafasi kama hiyo ya kuandika.

Ulinganisho na Urusi unasaidia hapa. Huko, kokoshniki, vazi la kichwa lililotariziwa kwa uzi wa dhahabu na lulu za mitoni, lilifunika nywele zote za mwanamke aliyeolewa, ilhali msichana alivaa utepe ulioacha utosi wazi. Vazi hilo lilionyesha utajiri pia, lakini mpaka wake mkuu ulikuwa ndoa, na ndoa huvukwa na wengi. Mpaka wa barakoa ulikuwa uungwana.

Mpaka huo uliyumba tarehe 6 Aprili 1897, Sultani Hamoud bin Mohammed alipofuta hadhi ya kisheria ya utumwa, ingawa masuria waliachwa nje ya amri hiyo hadi mwaka 1909. Wanawake walioachwa huru walianza kujifunika vichwa kwa kanga. Mapema katika karne ya 20, buibui jeusi lilienea miongoni mwa waliokuwa mabibi na waliokuwa wajakazi vilevile. Barakoa, ambayo thamani yake ilitegemea kuwapo kwa wasioruhusiwa kuivaa, ilififia mitaani katika kipindi hichohicho.