Kufundisha kuimba bila ubingwa wa kinanda

Wasomaji wawili watatu wameniuliza: mwalimu wa kwaya asiyejua kupiga kinanda sawasawa anafundisha nini? Anafundisha kuimba. Vidole vyangu havifiki mbali, na hapa Kinango shule ninayoisaidia ina kinanda kimoja kidogo cha betri. Alhamdulillahi, kinatosha.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuwaanzishia watoto kwa sauti yangu. Sauti ya mwanamume iko chini mno kwao. Wakanifuata huko wakabaki kunguruma. Nikapandisha, nikapitiliza. Binti mmoja, mwenye sauti nzuri kuliko wote, akapaza mpaka sauti ikamkauka siku tatu. Mamake akataka kumtoa kwaya. Haki yake.

Ndipo nikaelewa kwamba kazi kubwa ya kinanda ni kutoa sauti ya kuanzia. Nabonyeza do, naishikilia, watoto wanaivumisha midomo imefungwa, kisha naondoa kidole. Wimbo ukiwabana juu, nahamisha do chini kidogo. Do haina makao ya kudumu. Mfumo huu uliendelezwa na kuenezwa na mchungaji Mwingereza John Curwen karne ya 19, akijenga juu ya kazi ya mwalimu Sarah Glover wa Norwich, ili watu wasio na ala waimbe kwa kusoma herufi tu. Wamishonari wakauleta Afrika, na hadi leo utaona d, r, m ubaoni kwenye mazoezi ya kwaya.

Ukitaka kusindikiza, jifunze mafungu matatu: do-mi-so, fa-la-do, so-ti-re. Nyimbo nyingi za shule haziyapiti hayo. Ukikwama, toa mikono, waache waimbe.

Kwani madrasa tulifundishwaje kasida? Ustadhi anatoa mstari, tunaupokea, dufu linashika mwendo. Tena kuna sauti katika mahadhi ya Kiarabu zinazoangukia katikati ya vibonyezo viwili vya piano, hazipigiki kabisa. Hapo kinanda kingetuharibia. Kwa nyimbo za Kiduruma nalo kayamba linatosha kuweka mwendo.

Nilimwendea yule mama, nikaomba radhi. Binti akarudi, tukashusha do hatua mbili. Siku hizi yeye ndiye anayebonyeza, mimi nasimama nyuma nikisikiliza.