Klabu na Wenye Klabu, Sehemu ya Nne: Habari Rasmi na Haki ya Mwanachama

Chombo rasmi cha habari cha klabu ya mpira ni njia yoyote ambayo uongozi unaimiliki au unaisimamia, na ambayo uko tayari kuulizwa juu ya kila kinachotoka humo. Inaweza kuwa gazeti, ukurasa wa Instagram, chaneli ya televisheni, programu ya simu, au ofisa habari aliyesimama mbele ya vinasa sauti. Kijiwe cha kahawa nacho hutoa habari za klabu, mara nyingi mapema zaidi na tamu zaidi, ila habari ya kijiweni ikigeuka uongo hakuna wa kumshika shati. Katika habari rasmi lazima awepo mtu huyo.

Sehemu zilizotangulia zimeeleza jinsi Yanga (1935) na Simba (1936) zilivyozaliwa Dar es Salaam, na jinsi mwanachama mwenye kadi alivyohesabiwa kuwa ndiye mwenye mali. Hilo likikubalika, kumpa habari mwanachama si hisani ya kiongozi. Ni kumtolea hesabu mwenye mali yake. Sakata la mechi ya watani hao wa jadi la Machi 2025, ambapo nchi nzima ilikesha ikisoma taarifa kwenye simu, limeonesha jinsi hesabu hiyo inavyoweza kutolewa vibaya. Lakini tabia za vyombo vya klabu za leo zina mizizi mirefu, na hazieleweki bila kuirudia.

Kwa miongo ya mwanzo habari ya klabu ilikuwa ya mdomo. Mwanachama wa Yanga alipita makao ya klabu yake, wa Sunderland (ndilo lililokuwa jina la Simba hadi 1971) akapita ya kwake, na hapo akajua nani ameumia, nani anatafutwa na mechi ya Jumapili inachezwa saa ngapi. Utaratibu huo ulikuwa na fadhila moja ambayo teknolojia haijairudisha: katibu wa klabu alikuwa mtu wa mtaani. Alikutwa sokoni, msikitini, msibani. Akitangaza jambo lisilo kweli, kesho yake aliulizwa uso kwa uso, tena mbele ya watu. Kasoro yake nayo ilikuwa kubwa, kwa kuwa mwanachama wa Tabora au Lindi alibaki gizani hadi apite msafiri au lifike gazeti la juzi.

Kilichomtoa gizani ni redio. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo mwaka 1951, ikawa Shirika la Utangazaji la Tanganyika mwaka 1956, na kuanzia 1965 ikajulikana kama Redio Tanzania Dar es Salaam, RTD. Haikuwa mali ya klabu yoyote. Hata hivyo, kwa miaka karibu 30 ndiyo iliyofanya kazi ambayo leo kila klabu inataka kujifanyia yenyewe, na ilifanya vizuri kuliko warithi wake. Ikumbukwe kwamba Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi 1994, ingawa Zanzibar ilitangulia kwa miaka 20 hivi. Kwa shabiki wa Songea, mpira wa Simba na Yanga ulikuwa kitu cha kusikilizwa.

Mfano ulio hai mpaka leo ni wa 1979. Katika Kombe la Klabu Bingwa Afrika, Simba ilifungwa mabao 4-0 na Mufulira Wanderers ya Zambia, hapahapa Dar es Salaam. Wengi walikwisha kuizika. Katika mechi ya marudiano mjini Lusaka Simba ikashinda 5-0 na kusonga mbele. Leo, matokeo ya namna hiyo yangeambatana na picha 40, video za vyumba vya kubadilishia nguo na nyimbo. Mwaka ule watu walikuwa na redio ya betri tu, na bado wazee wanaoyasimulia mabao yale huyasimulia kana kwamba waliyaona kwa macho.

Siri ya jambo hilo ni nidhamu ya mtangazaji. Kina Ahmed Jongo na Charles Hilary walikuwa na sauti nzuri, lakini zaidi ya sauti walikuwa na utaratibu. Mtangazaji mzuri wa redio kwanza humweka msikilizaji uwanjani: timu ipi inashambulia goli la upande upi, imevaa rangi gani. Kisha humtaja mwenye mpira kwa jina, humwambia alipo, humtaja anayemfuata. Halafu, kila baada ya muda mfupi, hutaja dakika na matokeo, kwa ajili ya mtu ambaye ndiyo kwanza amefungua redio yake. Huyo wa mwisho ndiye kipimo. Mtangazaji wa RTD alikuwa na wajibu kwa mtu asiyejua lolote kuhusu mechi, na alimheshimu kiasi cha kumwambia yaleyale mara 20 bila kuchoka. Si ajabu kwamba Charles Hilary, baada ya kupita BBC jijini London na vituo vingine, alimalizia kazi zake kama Msemaji Mkuu wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Shule ya kutangaza mpira na shule ya kusemea taasisi zinafundisha kitu kimoja, yaani kusema lililopo, kwa mpangilio, kwa mtu asiyekuwepo. Wanaoajiriwa leo kuzisemea klabu wangefaidika wakikaa wiki moja na kanda za zamani kabla ya kukabidhiwa simu ya ofisi.

Magazeti yalikuja sambamba na redio. Ngurumo na Uhuru yaliandika mpira tangu enzi za Uhuru wenyewe, na kuanzia 2001 Mwanaspoti likathibitisha kwamba michezo pekee inaweza kulisha gazeti zima. Lakini gazeti si sauti ya klabu, na tofauti hiyo ilionekana vibaya pale klabu zenyewe zilipokuwa na sauti mbili. Wakati Yanga imegawanyika kati ya Yanga Asili na Yanga Kampuni, kila upande ulikuwa na viongozi wake, wanachama wake na waandishi wake. Upande mmoja ukitangaza mkutano, wa pili uliukana. Simba nayo haikukosa misukosuko ya aina hiyo. Shabiki wa mkoani alisoma gazeti moja akajua klabu ina kocha, akasoma la pili akajua kocha amefukuzwa, na huenda yote mawili yalikuwa kweli, kila moja kwa upande wake. Mambo ambayo leo yanaonekana ya kawaida kwenye taarifa ya klabu, yaani nembo juu, tarehe, jina na cheo cha aliyeitoa, ni dawa ya maradhi hayo. Ni ulinzi wa mwanachama dhidi ya viongozi wake mwenyewe.

Ulaya ugonjwa ulikuwa mwingine. Aston Villa ilikuwa na jarida lake la siku ya mechi, Villa News and Record, tangu 1906, na majarida ya namna hiyo yalienea Uingereza nzima. Mwaka 1965 Celtic ya Glasgow ikaenda mbali zaidi kwa kuanzisha Celtic View, gazeti la klabu lililotoka kila wiki, kazi ya Jack McGinn ambaye baadaye alikuwa mwenyekiti wa klabu hiyo. Mashabiki walilinunua kwa upendo. Walilipachika pia jina la utani, Pravda, kwa kulifananisha na gazeti la Chama cha Kikomunisti cha Muungano wa Kisovieti, kwa sababu ndani yake klabu haikukosea kamwe. Manchester United ilipofungua televisheni yake, MUTV, mwaka 1998, na Real Madrid ikafuata mwaka uliofuata, jina lile la utani lilikuwa tayari linasubiri. Chombo cha klabu kikisema mema tu, shabiki hukinunua kwa ajili ya picha, halafu hutafuta ukweli kwingine.

Tanzania ilichagua njia yake. Badala ya gazeti au televisheni, klabu zake kubwa zilimweka mtu mbele. Kuanzia 2015 Haji Manara, akiwa ofisa habari wa Simba, aliigeuza kazi iliyokuwa ya makaratasi kuwa jukwaa. Mkutano wake na waandishi ulisubiriwa kama mechi. Upande wa Yanga Jerry Muro alimjibu kwa kipaji hichohicho. Hakuna ubishi kwamba walijaza viwanja. Simba Day, iliyoanza 2009, na Wiki ya Mwananchi, iliyoanza 2019, zisingekuwa sikukuu kama zilivyo bila watu wa aina hiyo. Hata hivyo gharama yake iko kwenye kumbukumbu za shirikisho la mpira nchini, TFF: Muro alifungiwa mwaka mmoja mwaka 2016, Manara, aliyekuwa amehamia Yanga mwaka 2021, alifungiwa miaka miwili na kutozwa faini ya shilingi milioni 20 mwaka 2022 kwa maneno dhidi ya rais wa shirikisho. Utani wa jadi una adabu yake, na wazee waliouanzisha walijua mpaka wake. Msemaji anayeuvuka mpaka huo anafungiwa yeye, na siku hiyo wanachama wa mikoani hubaki bila mtu wa kuwaambia basi la timu linaondoka lini.

Warithi wao, Ahmed Ally wa Simba na Ali Kamwe wa Yanga, wote wawili walikuwa nyuso zinazojulikana Azam TV kabla ya kuajiriwa na klabu. Wamepunguza matusi, ingawa kelele zimebaki. Chini yao wapo wapiga picha, wahariri wa video na vijana wa mitandao, na siku yao ya kazi inajulikana: picha za mazoezi asubuhi, kocha na mchezaji mmoja mbele ya waandishi siku moja kabla ya mechi, kikosi saa moja hivi kabla ya filimbi, matokeo, kisha mahojiano. Dirisha la usajili likifunguliwa kazi inahamia usiku, mchezaji mpya anatambulishwa kwa video, na anayeachwa anabandikiwa ‘thank you’ yake, mara nyingine kabla ndugu zake hawajaambiwa.

Kitu kimoja hakimo, nacho ni mechi yenyewe. Haki za kuonesha Ligi Kuu ziliuzwa kwa Azam Media mwaka 2021 kwa miaka 10, kwa shilingi bilioni 225.6, na mgawo wa fedha hizo unazifikia hata klabu ndogo zisizo na msemaji wa kujulikana. Ndiyo maana ukurasa wa klabu unaandika bao kwa maneno na picha ya mfungaji, na hauoneshi mpira ukiingia wavuni moja kwa moja. Maudhui ya klabu yanaishi kandokando ya mechi: mazoezini, ndani ya basi, hotelini. Hapo chombo rasmi kina nafasi ambayo hakuna mwingine anayo, na hapo ndipo kingeweza kueleza majeraha, mikataba, mapato ya mlangoni. Mara nyingi huishia kuonesha wachezaji wakicheza muziki.

Sasa Machi 2025. Jioni ya Ijumaa tarehe 7, siku moja kabla ya mechi, Simba ilikwenda Uwanja wa Benjamin Mkapa kufanya mazoezi na ikadai kuzuiwa na walinzi wa Yanga. Kabla ya mapambazuko kurasa zake zilikuwa na taarifa kwamba haitashiriki mchezo, ikitaja Kanuni ya 17(45) inayoipa timu mgeni haki ya kuuzoea uwanja. Yanga ikatoa yake: mechi ipo saa 1:15 usiku, kama ilivyopangwa. Bodi ya Ligi ikaiahirisha. Yanga ikalikataa ahirisho hilo na kupeleka timu uwanjani. Taarifa zote zilitoka kwa wahusika wenyewe, kwa hiyo zote zilikuwa rasmi. Shabiki aliyekuwa ndani ya basi kutoka Mwanza alihitaji kujua mambo mawili tu, kama mechi ipo na tiketi yake itakuwaje. La kwanza halikuwa na jibu ndani ya taarifa ya klabu yoyote, kwa kuwa klabu inaweza kusema yenyewe haitacheza, lakini kusema mechi ipo au haipo ni mamlaka ya Bodi. Klabu zenye watu wazima ofisini zingemwelekeza mwanachama huko katika mstari wa kwanza. Mechi ilichezwa tarehe 25 Juni, Yanga ikashinda 2-0.

Limebaki suala la kumbukumbu, ambalo vyombo rasmi vya klabu havijaligusa. Yanga iliifunga Sunderland 5-0 mwaka 1968, na Simba ikaifunga Yanga 6-0 mwaka 1977, Abdallah Kibadeni akifunga mabao matatu. Mtafiti anaweza kuyasoma yote mawili katika magazeti ya siku zile, kwa sababu gazeti lililochapishwa haliwezi kurudi kiwandani kubadilishiwa sentensi. Taarifa ya Instagram inaweza kuhaririwa saa tisa usiku na kufutwa asubuhi, na ukurasa mzima unaweza kupotea mwenye nywila akigombana na mwajiri wake. Nakala moja ya karatasi ya kila taarifa, yenye namba ya mfululizo, ikiwekwa kwenye jalada katika makao ya kila klabu na nyingine ikipelekwa Maktaba Kuu ya Taifa, ingezigharimu klabu hizo kiasi kidogo kuliko bango moja la siku ya mechi.