Harufu ya kulungu ni kama sub: ukiingiza mapema imekula kwako

MEI 26, 1999, Camp Nou, Barcelona. Manchester United ipo nyuma kwa bao 1-0 mbele ya Bayern Munich kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya. Alex Ferguson anamwingiza Teddy Sheringham dakika ya 67, kisha Ole Gunnar Solskjær dakika ya 81. Dakika 90 zinaisha, muda wa nyongeza unaingia, Sheringham anasawazisha na Solskjær anamaliza kazi. Kombe hilo linakwenda Manchester.

Hadi leo vijiweni bado watu wanabishana. Je, wale jamaa wawili wangeanza mechi, wangefunga? Hakuna mwenye jibu. Kinachojulikana ni kwamba waliingia kwa wakati wao.

Sasa hama uwanjani, twende kwenye misitu ya Pennsylvania, Marekani. Huko kuna watu wanaoishi na swali hilo hilo kila mwaka, ila wao benchi lao halina mshambuliaji. Lina kichupa chenye harufu ya kulungu.

Usicheke. Kuwinda kulungu Marekani ni mchezo mkubwa. Utafiti wa serikali ya nchi hiyo wa mwaka 2016 ulihesabu wawindaji wapatao milioni 11.5 wenye umri wa kuanzia miaka 16, na wengi wao humfuata kulungu. Pale Pennsylvania, kuanzia 1963 hadi 2018, msimu wa bunduki ulifunguliwa Jumatatu inayofuata Sikukuu ya Shukrani, na shule nyingi zilifungwa siku hiyo. Mwaka 2019 ufunguzi ulihamishiwa Jumamosi. Kwa mtu wa huko, siku hiyo ni kama dabi ya Kariakoo kwa mtu wa Dar.

Kinachonogesha ni hiki: leseni ya Pennsylvania inakuruhusu kuchukua dume mmoja tu mwenye pembe kwa mwaka. Mmoja. Ukimkosa au ukimshtua, unasubiri hadi mwakani. Ndiyo maana watu wako tayari kununua chochote kinachoweza kumsogeza mnyama huyo hatua 20 karibu zaidi.

MCHEZO WENYEWE UKO HIVI

Kulungu anayezungumzwa hapa ni yule wa mkia mweupe. Huku kwetu hayupo. Macho yake si mabaya, masikio yake ni makali, lakini silaha yake kubwa ni pua. Kwa pua anajua nani amepita, amepita lini, ni dume au jike, na kama jike huyo yupo kwenye joto.

Aliyefuga mbuzi ameliona hili. Beberu akinusa mkojo wa jike, huinua kichwa na kukunja mdomo wa juu kama anacheka. Hacheki. Anapeleka harufu kwenye kiungo maalumu kilicho juu ya kaakaa, kinachompa taarifa za uzazi. Dume la kulungu hufanya vile vile.

Hapo ndipo mwindaji anapoingia. Anadondosha matone ya mkojo wa jike, au wa dume, au majimaji ya tezi, kwenye pamba au kitambaa, anakining'iniza kwenye tawi, halafu anapanda kwenye dungu lake juu ya mti na kutulia kimya.

Vichupa vinauzwa madukani mwaka mzima. Kulungu, hata hivyo, ana ratiba yake. Kinachoiendesha ratiba hiyo ni urefu wa mchana. Siku zinapoanza kufupika baada ya kiangazi, homoni za dume hupanda na shingo hunenepa. Majike wengi wa kaskazini hupandwa katikati ya Novemba. Mimba huchukua takriban siku 200, kwa hiyo watoto huzaliwa mwishoni mwa Mei na mwanzoni mwa Juni, majani yakiwa yamejaa. Baridi ya asubuhi moja haisogezi ratiba hiyo, huwafanya tu madume watembee zaidi mchana.

RATIBA YA LIGI

Septemba hadi mwanzoni mwa Oktoba. Hii ni pre-season. Madume wanakula, wanatembea kwa makundi, wala hawana habari na majike. Ukimwaga harufu ya jike aliye kwenye joto wakati huu, unamwonyesha kitu ambacho hakipaswi kuwepo. Mnyama mzee aliyepona misimu minne haingii mkenge kirahisi. Anasimama mbali, ananusa, anakula kona. Ukiwa na upinde wako kipindi hiki, kazi yako ni kujificha. Nguo ziwe safi, buti ziwe za mpira, upepo ukupige usoni. Kichupa kibaki begini.

Katikati ya Oktoba hadi mwisho wake. Sasa madume wanaanza kuwekeana mipaka. Dume anaparua ardhi kwa kwato hadi udongo utokee, anakojolea hapo, kisha anasugua paji la uso na kona za macho kwenye tawi linaloning'inia juu ya mparuo. Ni kama ubao wa matangazo: nilikuwepo hapa, wewe ni nani? Huu ndio wakati wa harufu ya dume na ya tezi. Unaweka kidogo kwenye mparuo aliouacha mwenyewe, au unatengeneza wa kwako chini ya tawi zuri. Hapo unacheza na wivu wake. Ila angalia dozi. Harufu nzito ya dume mbabe inaweza kumfukuza dume kijana.

Siku za mwisho za Oktoba hadi karibu Novemba 10. Hii ndiyo dakika ya 81. Madume wapo tayari, majike wengi bado. Dume anazunguka kutwa nzima, anapita upande ambao upepo unamletea harufu kutoka kwenye vichaka wanakolala majike, akitafuta wa kwanza atakayeingia kwenye joto. Mtafutaji akikutana na harufu anayoitafuta, huifuata. Harufu ya jike ina maana yake hapa kuliko wakati mwingine wowote. Wengine hufunga kitambaa chenye harufu kwenye kamba na kukiburuza nyuma ya buti wakielekea dungu. Wajanja huongeza tone kila baada ya hatua kadhaa, ili harufu izidi kuwa kali kuelekea dungu, maana mnyama hufuata upande inakozidi.

Katikati ya Novemba. Utadhani hapa ndipo pa kumwaga chupa nzima. Hapana. Majike wengi sasa wapo kwenye joto, na kila dume mkubwa ameshampata wake. Hubaki naye siku moja au mbili, hambanduki. Beki aliyemkaba straika wake humvuti kwa mpira wa upande wa pili. Msitu unakuwa kimya na wawindaji wengi hukata tamaa wiki hii. Harufu inaweza kumleta dume ambaye ndiyo kwanza ameachana na jike mmoja na anatafuta mwingine, lakini hiyo ni bahati.

Desemba. Jike ambaye hakushika mimba hurudi kwenye joto baada ya siku 28 hivi, na baadhi ya majike wadogo huingia kwa mara ya kwanza. Unaweza kurudisha harufu ya jike, ila kumbuka bunduki zimeshalia na kila mnyama ana wasiwasi. Tena dume amechoka. Katika msimu wa kupandana anaweza kupoteza hadi robo ya uzito wake. Anachowaza sasa ni tumbo. Kukaa karibu na mahali anapokula kunalipa kuliko kichupa.

Angalizo: ratiba hii ni ya kaskazini. Sehemu kubwa ya Alabama hupandana Januari, na kusini kabisa mwa Florida madume huanza pilikapilika Julai. Mtu akibeba kalenda ya Pennsylvania kwenda nayo Alabama atakuwa kama aliyefika uwanjani wakati mechi ni wiki ijayo.

UPEPO NDIYE REFA

Hata wakati ukiwa sahihi, upepo unaweza kulikataa bao. Kulungu akisikia harufu haji nayo moja kwa moja kama mbwa aliyeitwa. Huzunguka hadi upepo umletee harufu hiyo puani. Ukiwa umekaa kwenye njia ya upepo huo, atanusa chambo na atakunusa na wewe.

Dawa ni kukaa pembeni. Upepo ukivuma kutoka kaskazini kwenda kusini, wewe kaa mashariki na chambo kiwe magharibi yako, mita 20 hivi. Dume atapanda kutoka kusini akifuata harufu, na harufu yako itapita kando yake. Kwenye milima, asubuhi jua likipasha mteremko hewa hupanda, kwa hiyo kaa juu. Jioni hewa hushuka, kaa chini. Na shika kichupa ukiwa na glovu. Chambo chenye harufu ya mikono yako kinamtonya mnyama badala ya kumvuta.

KADI NYEKUNDU

Sasa tuje kwenye jambo linalotishia mchezo wenyewe. Mwaka 1967, huko Colorado, kulungu waliokuwa wakifugwa kwenye kituo cha utafiti walianza kukonda, kudondosha mate na kufa. Ni ugonjwa sugu wa kudhoofisha unaojulikana kwa herufi CWD. Hausababishwi na virusi wala bakteria, bali na prioni, yaani protini zilizojikunja vibaya na kuziharibu nyingine kwenye ubongo. Hauna chanjo wala tiba. Mnyama akiupata anakufa, ingawa anaweza kuonekana mzima kwa zaidi ya mwaka. Umeshafika katika majimbo zaidi ya 30. Pennsylvania iliuona mara ya kwanza mwaka 2012.

Prioni hutoka kwa mate, kinyesi na mkojo, na hukaa kwenye udongo kwa miaka. Na mkojo wa vichupani hukusanywa kwenye mashamba ya kulungu, chini ya sakafu zenye matundu, ambako mate na kinyesi huweza kuchanganyika nao. Watengenezaji wanasema hatari ni ndogo sana. Wanasayansi wengi wanakubali kwamba mkojo una prioni chache kuliko mate, lakini kosa moja kwenye msitu msafi halifutiki.

Ndiyo maana Virginia ilipiga marufuku mkojo halisi wa kulungu kwa wawindaji mwaka 2015, Vermont ikafuata 2016, na Pennsylvania ikauzuia ndani ya maeneo yaliyotangazwa kuwa na ugonjwa. Kwa binadamu, haijathibitishwa kwamba CWD inaambukiza, ila mamlaka za afya za Marekani zinashauri nyama ya maeneo hayo ipimwe, na ikikutwa na ugonjwa isiliwe.

Kwa hiyo swali la "nitumie lini" limepata sehemu ya pili. Kabla ya kuangalia kalenda, mwindaji anatakiwa asome sheria ya jimbo lake na aangalie yupo eneo gani. Pale ambapo mkojo halisi umekatazwa, zipo harufu za kutengenezwa maabara ambazo majimbo mengi huziruhusu, na ratiba yake ni ile ile.

Ukijumlisha yote, msimu mzima una wiki mbili hivi ambazo kichupa cha jike kina kazi ya maana, na wiki mbili kabla yake ambazo ni za harufu ya dume. Siku nyingine zote mwenye dume mmoja tu kwa mwaka anashinda kwa upepo, ukimya na subira. Mwakani, siku za mwisho za Oktoba zikifika, jamaa wa Pennsylvania atakuwa juu ya mti akiangalia saa yake, akijiuliza kama dakika ya sub imefika.