Panya Nyumbani: Weka Ufagio Chini Kwanza

Msomaji, kama unaishi Eldoret unajua hali inavyokuwa baada ya mavuno. Kuanzia Oktoba hadi mwisho wa mwaka, magunia ya mahindi huingia mjini kutoka Moiben, Ziwa na Turbo. Katika nyumba za Langas, Huruma na Kapsoya, gunia hupata nafasi kwenye pembe ya jikoni au hata chini ya kitanda. Panya naye hulifuata.

Ukiona vinyesi vyeusi vidogo kama punje za mchele kwenye rafu ya masufuria, mkono wako utakimbilia ufagio. Uache. Kinyesi na mkojo wa panya ukishakauka huwa vumbi, na ukifagia utalivuta puani pamoja na viini vya maradhi.

Badala yake, fungua milango na madirisha, utoke nje kwa nusu saa. Watoto wakae kwa jirani. Ukirudi, vaa glavu za mpira. Ukizikosa, mifuko miwili ya mkate isiyotoboka itakufaa. Changanya kikombe kimoja cha Jik na vikombe tisa vya maji, umwagie polepole hadi uchafu wote ulowe, kisha ungoje dakika 5. Pangusa kwa gazeti kuukuu (hata hili, ukishalisoma), ulikunje na kulitupa kwenye pipa la taka lenye kifuniko. Panya aliyekufa mfanyie vivyo hivyo. Halafu piga deki mahali hapo kwa Jik, osha glavu kabla ya kuzivua, na mwishowe mikono kwa sabuni. Lakini kamwe usichanganye Jik na dawa nyingine ya kusafishia choo. Hewa inayotoka hapo ni sumu.

Sasa chakula. Unga uliotobolewa na panya utupe, hata kama pakiti ilifunguliwa jana. Najua inauma kwa bei ya siku hizi. Mahindi yenye kinyesi pia usiyapepete tu na kuyapeleka kwenye kinu, kwa sababu mkojo hauondoki kwa kupepeta. Yaliyosalia salama yatie kwenye pipa la bati lenye kifuniko.

Panya mdogo hupenya tundu la upana wa penseli. Ziba matundu kwa waya wa kusugulia masufuria, kisha simiti juu yake. Tega mitego kando ya ukuta, maana panya hupenda kupita ukutani, na chambo cha njugu zilizosagwa humvuta kuliko nyama. Usikawie: jike hubeba mimba kwa wiki tatu tu. Ama ile sumu isiyo na lebo inayouzwa na wachuuzi barabarani, mimi singeiingiza nyumbani. Mtoto akiila, daktari hatajua anapambana na nini.

Ugonjwa wa kuogopwa zaidi hapa ni leptospirosi, unaoenezwa na mkojo wa panya na wanyama wengine. Viini vyake huingia kupitia michubuko ya ngozi, macho na mdomo. Tanzania waliuita homa ya mgunda ulipozuka mkoani Lindi mwaka 2022 na kuua watu 3. Hata kwetu si mgeni: mwaka 2004 ulizuka Bungoma, mwendo wa saa chache tu kwa matatu kutoka Eldoret.

Huanza kama malaria: homa, kuumwa na kichwa, misuli kuuma hasa kwenye mashavu ya miguu, na macho kuwa mekundu. Baadhi ya wagonjwa hugeuka rangi ya manjano. Ukiona dalili hizi katika wiki chache baada ya kusafisha, usinywe tu dawa za malaria na kulala. Iwe umefika zahanati ya mtaani au Hospitali ya Rufaa ya Moi, mwambie daktari kwamba nyumbani kwako kulikuwa na panya. Pengine hatakuuliza, na dawa za kuutibu zipo, ila zinafaa zaidi zikianzwa mapema.