Mizizi ya Soya na Ardhi ya West Nile

Mtu anayenunua mbegu ya soya katika soko la Arua au la Koboko huitazama punje: rangi yake, unene wake, na kama imetobolewa na wadudu. Ni haki yake kufanya hivyo. Lakini jambo kubwa zaidi la mbegu hiyo halionekani sokoni. Limo katika urithi wake, nalo hujitokeza chini ya ardhi wiki chache baada ya kupandwa, pale mizizi inapokutana na vijidudu vya udongo na kupatana navyo au kuvikataa. Habari hii inawahusu wanajeshi na polisi kuliko inavyodhaniwa. Wengi wao wana mashamba nyumbani, na tangu mpango wa Operation Wealth Creation ulipozinduliwa mwaka 2013, maofisa wa jeshi walitiwa katika kazi ya kuwafikishia wananchi mbegu na miche. Anayemkabidhi mkulima mbegu hana budi kujua anamkabidhi nini.

Chakula kikuu cha West Nile ni muhogo. Muhogo huvumilia ukame na hushibisha, lakini protini yake ni haba mno. Askari aliyelelewa kwa posho na maharagwe anaelewa vema kwamba posho bila maharagwe haimjengi mtu. Punje kavu ya soya ina protini inayokaribia asilimia 40 ya uzito wake, na mafuta karibu asilimia 20. Kijiko cha unga wake katika uji wa mtoto aliyeachishwa ziwa si jambo dogo. Katika wilaya ya Koboko, ambako wenyeji wanagawana ardhi na wakimbizi wa Kongo waliopokelewa Lobule, na kule Rhino Camp waliko wakimbizi wa Sudan Kusini, kipande cha shamba cha familia ni kidogo, na kila mstari uliopandwa unahesabiwa.

Hapo ndipo penye hesabu ambayo aghalabu haisemwi. Protini haijengeki bila naitrojeni. Tani moja ya punje za soya huondoka shambani ikiwa imebeba kilo 60 au zaidi za naitrojeni. Husemwa kila mara kwamba soya hurutubisha ardhi, na wakulima huambiwa hivyo kana kwamba ni sheria. Si kweli nyakati zote. Soya ambayo mizizi yake imepatana na bakteria wanaofaa hupata sehemu kubwa ya naitrojeni hiyo kutoka hewani. Soya ambayo mizizi yake haikupatana nao huichota yote ardhini, ikikosa hudhoofika, na shamba hubaki maskini kuliko lilivyokuwa. Mimea yote miwili huitwa soya, na kwa macho ya mpita njia yote miwili ni majani ya kijani.

Mapatano hayo yanafanana na yale ya langoni pa kambi usiku. Mzizi mchanga hutoa kemikali fulani katika udongo, mfano wa mlinzi wa zamu anayeuliza, «Nani huyo?» Bakteria wa jamii inayofaa hujibu kwa kemikali yao wenyewe, nayo ndiyo neno la siri. Mzizi ukilitambua, hufungua njia, huwaingiza, na kuwajengea chumba, yaani kile kinundu kinachoonekana mzizini. Humo mmea huwalisha sukari, nao hulipa naitrojeni. Uwezo wa kulitambua neno la siri huongozwa na jeni, yaani chembe za urithi ambazo mbegu huzipata kwa wazazi wake. Mwaka 1954 wataalamu wa Marekani walieleza habari za soya isiyoota vinundu kwa kawaida, na chanzo chake kilikuwa jeni moja tu iliyoharibika, ikirithiwa kutoka pande zote mbili za wazazi. Utafiti wa baadaye ulionyesha kwamba jeni hiyo ndiyo inayotengeneza kipokezi cha ujumbe wa bakteria. Mlinzi yupo langoni, lakini ni kiziwi.

Upo pia upande wa pili, nao unafaa kukumbukwa na yeyote anayedhani kwamba wingi ni nguvu. Mwaka 1985 watafiti nchini Australia walitangaza soya iliyoota vinundu mara nyingi kuliko kawaida. Ilitazamiwa kwamba ingeshinda zote. Badala yake ilikua kwa unyonge, kwa maana wageni aliowapokea walikula akiba ya nyumba. Mwaka 2003 jeni husika ilitambuliwa, na ikafahamika kwamba hufanya kazi yake katika jani, si katika mzizi. Jani hupeleka amri chini: vinundu vimetosha. Amri isipofika, mzizi huendelea kuandikisha bila kikomo.

Sasa, shida ya Afrika ilikuwa hii. Soya zilizozaa sana zilikuwa za Marekani, nazo zilizoea bakteria ambao kwa asili hawakuwa wengi katika udongo wetu. Dawa iliyojulikana ni kuipaka mbegu unga wenye bakteria hao wakati wa kupanda, lakini katika miaka ya 1970 unga huo haukupatikana kwa urahisi mbali na miji mikuu. Wataalamu wa taasisi ya kimataifa ya kilimo cha nchi za joto, IITA, iliyoanzishwa Ibadan, Nigeria, mwaka 1967, walishika njia nyingine. Walikuwa wameona kwamba baadhi ya soya zenye asili ya Asia huota vinundu kwa bakteria wa kienyeji, wale wale wanaoishi na kunde. Wakazichanganya na zile za Marekani, kisha wakachagua vizazi vyenye mazao mengi na mizizi isiyochagua wenzi. Uzao huo hutambulika kwa herufi TGx.

Uganda iliufikia uzao huo kwa sababu ya jani, wala si kwa sababu ya mzizi. Mwaka 1996 ugonjwa wa kutu ya soya uliingia nchini na kuyaharibu mashamba. Katika Chuo Kikuu cha Makerere, kazi ya kutafuta soya yenye kinga iliongozwa na Phinehas Tukamuhabwa, na mwaka 2004 ikatolewa mbegu iliyoitwa Maksoy 1N, ambayo ni moja ya safu za TGx. Mkulima aliyeipanda kwa kuikimbia kutu alipata pamoja nayo mizizi iliyochaguliwa Ibadan kwa miaka mingi.

Hata hivyo urithi pekee hautoshi. Mahali ambapo bakteria wa kienyeji ni wachache au ni wavivu, soya isiyochagua wenzi nayo hufaidika kwa kupakwa unga wa bakteria. Kinundu huhitaji fosforasi pia, na hapo umbo la mzizi huwa na maana yake. Fosforasi hukaa karibu na uso wa ardhi, ilhali maji wakati wa kiangazi yako chini. Watafiti wa kusini mwa China wameonyesha kwamba soya zenye mizizi iliyotandaa karibu na uso huipata fosforasi vizuri zaidi. Huko Marekani, soya moja ya asili ya Japani yenye mizizi mingi myembamba ilionekana kuchelewa kunyauka jua linapozidi. Sifa za namna hii haziongozwi na jeni moja, bali na nyingi, kila moja ikichangia kidogo. Ramani ya jeni za soya iliyochapishwa mwaka 2010 ilihesabu jeni karibu 46,000.

Faraja ya mkulima ni kwamba ua la soya hujichavusha lenyewe, na kwa hiyo mtoto hufanana na mzazi. Mbegu nzuri inaweza kuwekwa na kupandwa tena, tofauti na mahindi chotara. Lakini soya hupoteza uwezo wa kuota upesi ikiwekwa mahali penye joto na unyevu, na gunia lililokusanywa kwa wachuuzi kumi lina urithi wa wazazi kumi.

Jinsi ya kupima haihitaji maabara. Shamba linapoanza kutoa maua, hung'olewa mimea michache kwa jembe au panga, bila kuivuta kwa nguvu, kwa kuwa vinundu hukatika na kubaki udongoni. Kinundu hukatwa kwa ukucha. Kikiwa chekundu ndani, mfano wa nyama mbichi, kinafanya kazi. Wekundu huo ni wa kitu kilicho ndugu wa kile kinachoipa damu rangi yake. Kikiwa cheupe au cha kijani, hakileti kitu. Na ikiwa mimea mingi haina vinundu au ina vyeupe tu, msimu unaofuata mbegu hupakwa unga wa bakteria kivulini na kufukiwa siku hiyo hiyo, kwa maana bakteria hao ni viumbe hai, na jua la mchana huwaua.